Tanbihi ya Thelathini na Moja

Leo nafungasha ofisi.
Dirishani, upepo wa Julai unabeba kilima kidogo kidogo
na kukiweka juu ya vitabu vyangu.
Miaka ishirini na sita. Makasha kumi na moja ya ndizi,
niliyoyaomba kwa mama muuza matunda wa Sabasaba,
na bado nadharia hazijaenea.

Neno hili nimelifundisha kila Oktoba:
rasilimali. Rasi ni kichwa, nawaambia,
kichwa cha mali. Haya, kiwiliwili kiko wapi?
Huwa wanacheka. Mmoja, Nyemo wa Kibaigwa, hakucheka:
"Kiwiliwili ni sisi, Profesa."
Nikampa alama zake, nikaendelea na slaidi.

Chini ya makaratasi, tasnifu.
Jalada jekundu, kona moja imeliwa na mchwa.
Ukurasa wa mia na nne, mwishoni, kwa herufi za kuchungulia:
*31. Mahojiano na L. Ndahani, mchungaji,
miaka hamsini hivi, Ilolo-Makulu, kiangazi.*

Kwa mstari huo nilipata shahada,
kwa shahada safari, kwa safari
kiti chenye jina langu mbele ya mabalozi,
kipaza sauti chenye taa nyekundu.
Nikasema: wachungaji, wakulima, leseni ya madini,
kisima kimoja, watu watatu wamekufa.
Wakaandika.
Wakauliza kama naweza kufupisha.

Mtumba nako walitaka kurasa mbili.
Kijana wa wizara, mstaarabu, tai imenyooka kama rula,
akasema, "Mheshimiwa hasomi tanbihi."
Zikatoka zote, kwa kitufe kimoja.

Mwezi uliopita nilikwenda. Sijui kwa nini sasa;
labda kustaafu ni aina ya aibu.
Vumbi baada ya Bahi, uwele umeshavunwa,
tasnifu nimeifunga kwa khanga.
"Mbukwenyi," nikasema,
na lafudhi yangu ya Moshi ikanitangulia uani.

Binti yake, Sechelela, ana mvi.
Baba alikufa mwaka ule ule, akasema,
si kwa vita. Kwa kifua.
Akafuta mikono, akasoma kwa kidole, akarudi nyuma.
"Mchungaji?"
"Alishika fimbo," nikasema.
"Ile ilikuwa ya kupimia kina. Baba alichimba visima.
Hakuwahi kuwa na hata mbuzi wa Krismasi."

Nikakaa.
Kisima kile, kisima changu cha sura ya tatu,
cha mchoro wenye mishale,
alikichimba yeye kwa sururu na kamba,
nami nikamhesabu upande mmoja wa vita
kwa sababu ya mti mkononi.

Kalamu ninayo. Nikakata, nikaandika *mchimba visima*,
nikatia saini pembeni kama kwenye hundi.
Lakini nakala nyingine ziko Oslo, ziko Pretoria, ziko Beijing;
walioninukuu nao wamenukuliwa;
fimbo ya Ndahani inatembea juu ya meza za watu
ikichunga ng'ombe wasiokuwepo.

Sechelela hakukasirika. Hilo ndilo lililonishinda.
Akanitilia maji kwenye kikombe cha bati,
yana chumvi kidogo, kama maji mengi ya huku.
"Alikuwa akiulizaga," akasema,
"yule dada wa chuo, atarudi lini
atuambie alichokiona?"
Nikanywa. Nikaomba kingine.

Sasa makasha yamejaa, kamba zimekazwa,
na kimebaki kitu kimoja alichonipa wakati naondoka:
mti mwembamba, mrefu kunishinda,
una alama za kisu kutoka chini hadi juu,
na penye alama ya tisa rangi inabadilika,
pale maji yalipokuwa yakifika.
Hauingii kwenye kasha lolote.
Nimeuegemeza mlangoni.

Mlinzi amepita, amechungulia, amecheka:
"Profesa, umeanza kufuga?"