Jino la Tatu, Safu ya Juu

Mimi nilikuwa jino.
La tatu kushoto, safu ya juu,
katika tabasamu la Mtukufu
lililofunguka upande wa mashariki wa uwanja, Nakuru,
mwaka ule wa mahindi ya njano.

Wiki sita hatukushika hesabu.
Tulishika kadi: huku kijani, huku nyeupe,
na Bwana Gitahi, mwalimu wa michezo,
akipuliza kipenga mpaka mishipa ya shingo
ikamtoka kama mizizi.
Kipenga kimoja, bendera.
Viwili, mwenge.
Vitatu, Uso.
"Jino likichelewa," alisema, "nalijua kwa namba,
na baba yake namjua kwa kazi."
Baba yangu alikuwa mtu wa reli.
Nikajifunza kuwa jeupe.

Hili ndilo watu hawaniamini nikisimulia:
aliye ndani ya uso hauoni uso.
Mimi niliona kisogo cha Wafubwa, ambaye alikuwa mdomo,
kisogo chenye mapunye mawili.
Safu tatu nyuma yangu
pua ilikuwa na mafua.

Tulifika saa kumi na mbili, umande haujakauka.
Mtukufu alifika saa nane.
Jua la Nakuru halingoji kibali,
na upepo ulileta lile vumbi la ziwa, vumbi la magadi,
ukilamba midomo unaonja machozi ya mtu mwingine.
Kwenda haja ni marufuku.
Jicho la kulia lilijikojolea saa tano,
likabaki limesimama, wazi,
halipepesi.

Ndipo wakaletwa wanariadha.
Mita elfu kumi, Kombe la Umoja.
Redio ilikuwa imetutajia mshindi tangu Jumatatu:
koplo mmoja mwenye raba nyekundu,
"kijana wa Mtukufu", walimwita,
kana kwamba mama yake hakuwa na uchungu.
Lakini alikuwepo pia Kiptalam,
mchuma pareto wa kule Molo,
peku,
kaptula yake imeshikwa na kamba ya katani.

Mzunguko wa ishirini na tatu alikuwa mbele, mbele kabisa,
na uwanja ukaanza kunguruma, si ule mngurumo tuliofundishwa.
Kwenye kona, mtu wa suti aliingia njiani.
Alisema neno moja. Sijui neno gani.
Niliona mabega yakishuka.
Hakuchoka, nawaambia. Alipunguza.
Miguu iliyochoka huburura vumbi;
yake ilikuwa inahesabu.
Raba nyekundu zikampita hivi, taratibu,
kama gari la maiti.

Kipenga kililia mara tatu.
Nilisikia. Naapa nilisikia.
Lakini macho yangu yalikuwa kwenye zile nyayo peku
zikijifunza kushindwa,
na kadi yangu ikabaki kijani.

Sijui ilionekanaje kutoka jukwaani,
jani moja limekwama katika meno ya nchi.
Wanasema Mtukufu alicheka. Wanasema hakucheka.
Kombe lilitolewa, bendi ikapiga,
tukapewa kila mmoja pakiti ya maziwa
na mkate nusu.

Usiku mzima nilingoja buti mlangoni kwetu, landi za reli.
Baba alikoroma. Asubuhi akavaa ovaroli,
akaenda zake kazini akipiga mluzi.

Bwana Gitahi ndiye hakuja.
Jumatatu hakuja, wala Jumatatu iliyofuata.
Mwalimu mkuu alifuta jina lake kwenye ratiba
kwa kifutio cha kawaida,
akapuliza unga wa chaki vidoleni.

Mwezi ukapita. Mama akanituma nyama ya mia mbili gramu,
na gazeti lililoifunga lilikuwa na picha: Uso,
mkubwa, umelowa damu pembeni.
Nikahesabu kutoka kushoto. Moja, mbili.
La tatu lilikuwa jeupe.
Jeupe kuliko yote.
Mtu fulani, ofisini, kwa brashi ndogo,
alikuwa amelipaka.

Kipenga chake kilibaki kikining'inia ofisini
mpaka nikamaliza darasa la saba.
Kwenda darasani tulitumia kengele.