Pipa la Chumba Namba Kumi na Nne

Mimi huingia wenzangu wakitoka.
Dundee, Desemba, jua limezama saa tisa na nusu alasiri
kama kibarua aliyeomba ruhusa.
Picha za ngazini nazifuta moja moja,
kumi na saba, ndevu na tai,
na katika kila kioo uso wangu hukaa juu ya uso wao
kitambo kidogo, kisha huondoka.

Namba kumi na nne taa haizimwi.
Dokta Eilidh Rennie, koti jeupe la saizi ya kiume,
mikono kaikunja mara tatu
kama mtoto aliyerithi nguo za kaka.
"Samahani, Mwanakombo," husema,
akiinua miguu nipitishe ufagio.
Ni yeye tu anayelijua jina langu, na hulitamka lote.

Sayansi yao sikuisoma.
Lakini pipa la taka halina siri.

Oktoba niliikuta karatasi ile, imejaa wino mwekundu,
jina lake juu, peke yake,
limetulia kama mwenye nyumba.
Wiki ya pili jina la bosi limebisha hodi,
likaketi kulia kwake.
Wiki ya nne limehamia kushoto.
Novemba kaongezeka kijana, Fraser, aliyekuja juzi
na bado huuliza friji ipi ni ipi;
naye kapewa kiti.
Mara ya mwisho nilimtafuta Eilidh mstari kwa mstari,
nikageuza, nikageuza,
nikamkuta mkiani, kwenye shukrani:
"kwa msaada wake mwema."

Mwema!
Aliyepika kaachiwa ukoko,
na bado anaambiwa aoshe sufuria.

Leo kuna nyundo na misumari ngazini.
Picha ya kumi na nane imefika. Bosi anatabasamu.
Msimamizi kasema ing'arishe, kesho kuna wageni.
Nimeing'arisha. Kazi ni kazi.
Ila pale chini, penye jina,
vumbi nimeliacha, upana wa kidole.

Kisha namba kumi na nne.
Taa inawaka, kiti kitupu,
koti limetundikwa, mikono imekunjuliwa.
Ndani ya pipa, daftari zima,
miaka sita ya penseli, limelowa chai.
Nimelitoa, nimelipangusa kwa kanga yangu,
nimeliweka mezani, wazi, ukurasa wa kwanza.

Pipa nimeondoka nalo.