Urongo wa Kwanza

Jumatatu, kliniki ya Majengo. Sista Mbodze
ana karatasi yenye visanduku kumi na viwili.
Asimame kwa mguu mmoja: tiki.
Achore duara: tiki,
ingawa la Twaiba lina kikonyo, na asema ni pera.
Afunge vifungo vya shati. Kafunga viwili kati ya vinne;
Sista akatazama dari, akatia tiki.
Ataje jina lake, la baba na la babu.
Hapo mwanangu akajifunika kwa buibui langu
na kalamu ikabaki hewani.

Miaka minne na miezi saba.
Naijua miezi hiyo mmoja mmoja.
Alipotimiza miaka miwili alikuwa na "maji" na "apana", basi.
Bi Salme, akianika shuka roshani, hunambia:
"Mbona wako kimya? Wangu, rika lake, ashamaliza Alhamdu."
Mwengine akanishauri nimpikie ulimi wa mbuzi.
Nikampikia. Tukala sote nyumbani,
na aliyezidi kusema ni mimi.
Usiku nikiyaandika maneno yake kwenye daftari la duka,
baina ya deni la unga na deni la mafuta:
kumi na moja.
Mwezi uliofuata, kumi na mawili.
Lililoongezeka lilikuwa "kiatu".

Jumanne, baada ya alasiri,
nimekaanga kaimati za oda ya watu wa Kuze,
arubaini, nimezivika sukari, nimezipanga siniani,
nikapanda darini kuanua nguo
maana wingu lilikuwa limeziba upande wa Kilindini.
Kurudi, ni thelathini na sita.
Twaiba kakaa kitini, mikono chini ya mapaja,
mtulivu kama mgeni wa posa.

"Nani kala?"

Mwaka jana angeninyooshea viganja vyake,
vyanata, acheke.
Leo amenitazama usoni, akavuta pumzi:
"Kunguru aliona umeenda kuanua nguo, akaingia, akala."

Maneno saba.
Nilisimama na beseni kiunoni nikayahesabu upya.
Saba.
Na ile "ka", jamani, ile ka ndogo
ishonayo tendo kwa tendo,
akaingia, akala,
hakuna aliyemkalisha chini akamfunza.
Na kunguru! Hakusema simba, hakusema jini.
Kachagua mwizi ajulikanaye mtaa mzima,
yule aliyemnyakulia Bi Salme kipande cha nguru mwezi uliopita.
Na dirishani, kando ya nondo, kaweka makombo.
Mawili tu.
Angeweka matatu ningeshuku mapema.

Maana yake alikaa hapa, peke yake,
akakifikiria kichwa changu:
niko wapi, nimeona nini, sikuona nini,
nitaamini nini.
Mtoto niliyedhani namwona mpaka ndani, kama bilauri,
leo ana chumba,
na ufunguo anao yeye.
Hicho, Sista, hakina kisanduku.

Ndiyo, najua. Njia ya mwongo ni fupi,
na samaki hukunjwa angali mbichi.
Nikakunja uso. Nikaitafuta sauti ya marehemu mama,
ile iliyokuwa ikitusimamisha ukutani.
"Kunguru huyo, alipomaliza, alijipangusa mdomo?"

Akajipangusa kidevu.
Kwa mkono wa shati,
shati lenye vifungo vinne, vyote vimefungwa,
cha juu kimepita tundu la pili
na kola imeenda upande.
Nikageukia jiko, mabega yanitetema.
Kama ni kicheko, mbona macho yalikuwa na maji, sijui.

Asubuhi namsuka. Kimya kirefu, kisha:
"Mama, yule kunguru atachapwa?"
"Wewe waonaje?"
Akafikiri mstari mzima wa nywele, kutoka paji mpaka kisogo.
"Asichapwe," akasema. "Bado ni mdogo."