Nafasi ya Kidole Kidogo

Theluji ya Februari imefika dirishani mwa gereji
na Igarashi ameliweka gari langu juu ya vigogo vinne:
Fairlady ya mwaka wa sabini na moja,
rangi ya chungwa lililochelewa kuchumwa,
halina tairi hata moja,
kama mgonjwa aliyeambiwa avue soksi asubiri daktari.

Mpwa wangu Takuro amekuja na picha kwenye simu.
"Shangazi, mia mbili ishirini na tano!
Kata madigadi, bandika mapana ya plastiki,
likae kama mpiga mieleka."
Anatanua mikono, anatanua na magoti.
Kiwandani lilitoka na mia moja sabini na tano,
vitairi vya kwendea dukani kununua tofu.

Sikati bati.
Nimesugua vijiko Tsubame miaka thelathini na minane,
gurudumu la kitambaa likivuma mbele ya kifua changu.
Najua bati linavyonuna likishikwa vibaya.
Madigadi haya ni mgongo wa kijiko;
ukate mgongo wa kijiko, supu utainywea nini?

"Basi tupime," akasema Igarashi.
Ndani kuna kikombe cha springi.
Nje kuna ukingo uliokunjwa, mkali kama kifuniko cha mkebe.
Kati yao tairi linaishi
kama mpangaji wa wenye nyumba wawili wasiosalimiana.

Mia mbili na tano liliingia kwa kusukumwa na goti.
Igarashi akaning'iniza timazi kutoka ukingoni,
uzi wa kushonea, nati nzito mwishoni,
maana mkaguzi wa serikali hana utani:
tairi likichungulia nje, gari linarudi nyumbani juu ya lori.
Uzi uliligusa tumboni,
taratibu, kama mtu anayekuomba umpishe.
"Unywele tu huo," Takuro akasema.
Kwetu kiwandani, unywele ulirudisha kreti nzima.

Mia moja tisini na tano.
Uzi ukaanguka huru.
Ndani, kidole changu kidogo kikapita bila kukwaruzwa.
Hakina kucha; mashine iliila mwaka wa themanini na tatu,
na tangu hapo ndicho rula yangu.

Nilikwisha kutabasamu.
Igarashi akapachika udongo wa watoto, wa kijani,
chini ya ukingo, akanitupia ufunguo.

Barabarani mabomba yalitema maji yenye kutu, yakila theluji.
Nikavuka reli peke yangu: udongo mzima.
Nikavuka na Takuro: mzima, kijana mwenyewe ufito.
Ndipo nikampigia simu Mitsuyo.

Mitsuyo hupanda gari kama anayeingia kwenye maji ya moto,
upande mmoja, pumzi ndefu, kisha wote kwa mpigo.
Alikuja na gunia la mchele, kilo thelathini,
la binti yake wa Nagaoka. Tukalilaza nyuma.
Relini, nyuma kulia:
kruu.

Tulichuchumaa wote wanne.
Udongo ulikuwa umegongwa muhuri,
meno ya tairi, safi kabisa.
"Ni mimi," Mitsuyo akauliza, "au mchele?"
"Mmeshirikiana," akasema Igarashi.

Ningeweza kukaza springi.
Ningeweza kuendesha peke yangu, madirisha wazi, uzeeni,
kwenye tairi nililolitaka.
Nililifikiria hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri,
Mitsuyo akipangusa matope ya viatu vyake kwa leso
asinichafulie zulia.

Mia moja themanini na tano.
Takuro alinuna kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.
Ukilitazama gari kwa nyuma, magurudumu yameingia ndani kidogo,
kama mtu aliyevuta tumbo mlangoni
ili mwenzake apite.

Jumamosi tunakwenda Nagaoka.
Mitsuyo anauliza kama gunia la pili litawezekana.
Nimechuchumaa hapa, kwenye baridi,
kidole kisicho na kucha chini ya ukingo,
sijamjibu.