Kabla Birika Halijaguna

Kompyuta ya chama ilikuwa na desturi zake.
Nikibonyeza kitufe, nabandika birika,
naosha vikombe, nafagia mlangoni,
Kibo inajifunika na kujifunua,
na kile kiduara kingali kinazunguka
kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Ndani diski inasaga, krr, krr.
Wakulima wakisema, "Karani, leo inakoboa."

Msimu ulipokaribia niliifunga kwenye kanga,
nikashuka nayo Moshi, mtaa wa Kiusa,
kwa Nakundwa binti Mfinanga,
fundi ambaye kaunta yake
ni meza ya cherehani isiyo na cherehani.

Aliilaza kifudifudi.
Skrubu kumi na moja, kwenye trei ya mayai,
kila moja na shimo lake.
Ile fupi ya kona akaitenga: "Huyu ndiye mkorofi."
Tukakuta vumbi jekundu la Uru, bawa la mende,
na punje moja ya kahawa,
sijui nani aliipima.

"Una nakala?"
"Ya nini?"
"Ya kila kitu, mama."
Nikatoa mkobani madaftari manne, yamevaa magazeti.
Akacheka, mtoto wa watu, hadi akashika meza.

Diski mpya nyembamba kama biskuti.
Nikaitikisa sikioni: kimya.
"Hakuna kinachozunguka humo," akasema.
Elfu tisini, kwa kitu kisichozunguka.

Ya zamani hakuitupa.
Aling'oa sehemu ya CD,
ambayo maisha yake yote imecheza kwaya moja, ya Pasaka,
akamhamishia mzee humo, chumba cha uani.
Kisha akachomeka flashi,
na kioo kikaanza kunihoji.

Lugha gani? Nikajibu.
Uko wapi? Orodha ikashuka, miji ya watu,
Moshi haimo, Arusha haimo, hata Dar haimo.
"Weka Nairobi," akasema Nakundwa, "saa ni ile ile."
Nikaweka, kama mtu anayesaini mkopo.
Jina lako nani?
Miaka tisa naifuta vumbi kwa upindo wa kitenge,
na hainijui.

Asilimia sitini na nne, umeme ukakatika.
Betri yetu ni ya dakika nane, tena ukiiombea.
Nakundwa akaruka mtaro na waya begani
hadi buchani, kwa jirani mwenye jenereta,
na kompyuta ya chama cha kahawa
ikazaliwa upya katikati ya harufu ya maini.

Kisha kuhamisha.
Elfu mbili na kumi na tano, imepita.
Kumi na sita, imepita.
Kumi na saba ikagoma. Krr. Krr.
Haisomeki.
Akajaribu mara ya pili, ya tatu, akazima feni asikilize.
Hakucheka tena.
"Lete daftari."

Akasoma, nikaandika, hadi adhana ya magharibi.
Ndetaramo Lyimo, kilo arobaini na tatu.
Kisanga Urio, kilo kumi na nane, anadai gunia.
Aikande, mjane, kilo tisa na nusu,
na pembeni msalaba mdogo wa wino
ambao kompyuta haijawahi kuwa nao.
"Hii niandike vipi?" nikauliza.
Akafikiri. "Acha nafasi."

Jumatatu nikabonyeza kitufe.
Birika halijaguna, kioo kiko wazi,
majina yote yamejipanga, kishale kinapepesa.
Dirishani Mzee Elingaya na gunia lake.
Salamu zetu huanzia nyumbani, zikapita kwa watoto,
zikashuka mgombani, ndipo zifike zizini,
na zamani ule mwendo wote
ulikuwa ni mwendo wa diski.
Sasa yuko kwa mjukuu wa pili tu
na mimi vidole viko tayari juu ya kilo zake.
Akaona. Akaanza kufupisha.

Nikakiinamisha kioo, kisinione.
"Hujanieleza ng'ombe," nikamwambia.
"Ameshazaa?"