Saa ya Saiq

Mama zangu wadogo ni pacha.
Bi Thuwaiba yuko Matrah, usawa wa bahari;
Bi Ghaniya kapanda Saiq, kaolewa na mawaridi,
mita elfu mbili juu, mwaka wa thelathini huu.

Mwanafizikia mmoja, kwa kalamu na karatasi,
aliona uzito wa dunia hulemea hata wakati:
bondeni saa huzubaa,
mlimani hujihimu.

Nikawapigia simu.
"Basi mkubwa ni mimi!" Ghaniya akapiga kigelegele.
Nikakokotoa. Faida yake
haijatimia hata sehemu ya elfu ya sekunde.

Thuwaiba, aliyetangulia kuzaliwa kwa dakika saba,
akaguna, akiendelea kutwanga ndimu kavu:
"Kunifikia, umesema, miaka milioni sitini?
Mwambie chai namwekea."