Saba Nukta Tisa

Mashine ilisema saba nukta tisa.
Nikaiuliza tena kwa tone la pili,
maana tone lilikuwa la mama mdogo,
Bi Mishi wa Kibokoni.
Saba nukta tisa.
Nikamgeuza kope: weupe wa tui la pili.

"Nina dawa yangu," akasema,
akatoa mkobani kichupa cha unga mweusi
cha Jitendra wa mtaa wa Biashara,
kando ya maduka ya leso,
ambako babu yake alitwanga, baba yake akatwanga,
naye sasa anasaga kwa umeme.
Kijiko kimoja, maji ya vuguvugu, asali.

Nikamtajia vidonge vya hospitali.
"Vinanifunga tumbo.
Vinaniachia mdomoni ladha ya msumari."
Nami, miaka kumi na mmoja Makadara nikihesabu damu za watu,
nikatamka neno nisilojivunia:
"Mama mdogo, huo ni mchanga."

Usiku ule nikasoma.
Nilitaka kumshinda kwa karatasi.
Karatasi hazikunipa ushindi.
Zilisema uchachu wa amla
hukifungulia chuma mlango wa utumbo.
Zilisema jivu la chuma kilichochomwa mara nyingi
huenda likaongeza damu,
huenda,
wanawake thelathini hapa, arobaini pale,
na wa kulinganishwa nao hawapo.
Zilisema baadhi ya unga wa namna hii hukutwa na risasi.
Si ya bunduki.
Hii haina mlio.

Lugha yetu nayo ina mzaha:
chuma ni msumari, chuma kimo damuni,
na anayetaka mchicha huambiwa, nenda kachume.
Tunachuma majani tukitafuta chuma.

Nikaiba kijiko cha unga, nikampelekea Mwadzaya,
mwenye mashine ya kupima madini kule Shimanzi.
Wiki mbili, kisha sauti ya mtu asiyependa kuahidi:
"Chuma kipo. Risasi sijaiona.
Kichupa hiki, lakini.
Usinilishe maneno juu ya vichupa vingine."

Tukapatana, mimi na Bi Mishi:
kila Ijumaa kidole kimoja, tone moja.
Nane nukta mbili.
Nane nukta saba.
Baada ya wiki nyingi, tisa na nusu,
na siku hiyo akanipigia simu kunihesabia ngazi
alizopanda hadi ghorofa ya tatu bila kusimama.

Nikafungua daftari niandike: dawa imefanya kazi.
Kalamu ikasita.
Nikauliza nilichopaswa kuuliza mwanzo.
Chai?
"Jitendra kanikataza chai juu ya chakula."
Minyoo?
"Nilimeza ile ya wajukuu, ilibaki."
Vidonge?
Akatazama dirishani.
"Vile vyekundu? Navisaga.
Navitia humo humo kwenye unga.
Kwa asali, msumari hausikiki."

Nilipomaka, akacheka, akanitungia papo hapo:

Mwanangu wanihesabu, kwa mashine na kalamu,
Watafuta ni sababu, ipi ilotia damu,
Niliyameza kwa tabu, machungu pia matamu,
Ngazi haitaki jibu, yataka goti timamu.

Nikaandika:
Mgonjwa mmoja. Mambo manne kwa pamoja. Imepanda.
Sababu haijatengwa.

Nikampelekea Jitendra asome.
Alisoma amesimama, miwani puani,
akaniuliza kama mwenzangu wa kazi:
"Bila vidonge, unga wangu ungefikisha ngapi?"
Sikujua.
"Mimi pia," akasema, akarudi kwenye mizani yake.

Juzi nimepita pale.
Kando ya mizani kuna daftari la shule,
kona zimeshaanza kujikunja.
Mstari wa kwanza: jina la mtu, tarehe,
damu ngapi kwa mujibu wa hospitali,
na kwa wino mwekundu, swali:
chai anakunywa saa ngapi?